Homa ya mafua kwa mtoto mchanga: jinsi inavyoonekana, na wakati wa kukimbia

Aprili ikiingia, hewa ya Johannesburg inageuka. Mchana jua bado lipo, lakini ikifika saa kumi na moja jioni upepo wa Jorissen Street unapenya sweta. Huu ndio wakati ambao influenza, ile homa ya mafua yenyewe, huanza kusambaa Afrika Kusini, na haitulii mpaka karibu Septemba. Tulikotoka, iwe Uvira, Bujumbura, Kigoma au Mombasa, mafua huja mwezi wowote na hakuna anayeyawekea kalenda. Hapa yana msimu wake, na katika msimu huo wazazi wengi hufika ofisini kwetu Braamfontein na swali moja: mtoto ana mafua tu, au ni kitu kingine?

Jibu la swali hilo kwa mtoto wa miaka minne si jibu la mtoto wa wiki sita. Makala hii ni kwa ajili yako wewe mwenye mtoto chini ya miaka mitano, na zaidi wewe mama uliyejifungua karibuni au unayetarajia.

Kwanza maneno

Kiswahili chetu kinatuponza kidogo hapa. Tukisema "homa", mmoja anamaanisha joto la mwili, mwingine malaria, mwingine mafua. Ndugu zetu wa Kivu wanasema "gripi". Nesi wa hapa akisema "flu" anaweza kuwa anazungumzia pua inayochuruzika tu, na anayezungumza Kizulu atasema "umkhuhlane", neno linalobeba mafua, homa na baridi vyote pamoja. Kwa hiyo ukifika kliniki usishindane na mtu juu ya jina la ugonjwa. Eleza unachokiona: joto lilianza lini, mtoto ananyonya au hanyonyi, anapumuaje, amelowesha nepi ngapi tangu jana. Hayo yanamsaidia nesi kuliko jina lolote utakalompa.

Tofauti yenyewe ni hii. Mafua ya kawaida huja polepole: leo pua, kesho kikohozi kidogo, na mtoto bado anacheza. Influenza humwangusha mtoto ghafla. Asubuhi alikuwa mzima, jioni ana joto la nyuzi 39 au 40, hataki kuinuka, macho mekundu, analia ukimshika. Kirusi hukaa mwilini siku 1 mpaka 4 kabla dalili hazijaonekana, na kwa kawaida ni kama siku 2. Joto huchukua siku tatu hadi tano. Kikohozi kinaweza kubaki wiki mbili, na hicho peke yake kisikutie hofu kama mtoto anakula na anapumua vizuri.

Mtoto mdogo hawezi kusema "kichwa kinauma, viungo vinauma". Anasema kwa namna yake: anakataa chakula, anashika sikio, anataka kubebwa saa zote. Kingine kinachowachanganya wazazi ni tumbo. Mtu mzima mwenye influenza hutapika mara chache, lakini watoto wengi hutapika na kuharisha, mpaka mama anadhani ni chakula kibaya. Wengine hupata maumivu ya sikio. Na kuna watoto wa umri wa shule ambao, joto likishaanza kushuka, wanakataa kutembea kwa sababu misuli ya ndama za miguu inauma sana. Inatisha kuiona, lakini mara nyingi huisha yenyewe kwa siku chache. Mpeleke tu akaangaliwe, na ukiona mkojo wake umekuwa mweusi kama chai ya rangi usingoje kesho.

Mtoto wa miezi michache

Hapa naomba usome taratibu. Mtoto wa chini ya miezi mitatu anaweza kuwa na influenza bila kukohoa hata mara moja na bila pua kuchuruzika. Unachokiona ni mtoto ambaye ananyonya kidogo kuliko jana, analala kupita kawaida, ukimwamsha ananyonya mara mbili tatu kisha anaachia. Au analia kilio cha ajabu, cha kunung'unika. Anaweza kuwa na joto, na anaweza pia kuwa wa baridi ukimgusa. Baridi hiyo ni hatari sawa na joto. Wengine husimamisha pumzi kwa sekunde kadhaa, midomo ikabadilika rangi, kisha wakaendelea kupumua kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, kipimajoto kikiwekwa kwapani kikasoma 37.5 au zaidi, au chini ya 35.5, unakwenda hospitali saa hiyo hiyo. Usimpe dawa ya joto kwanza "tuone kama itashuka", na usingoje baba arudi kazini. Sababu ni kwamba hata daktari hawezi kujua kwa macho kama ni influenza au ni bakteria walioingia kwenye damu. Katika umri huo vyote viwili vinafanana, na ni vipimo tu vinavyovitenganisha.

Kwa nini wachanga huumia zaidi? Njia zao za hewa ni nyembamba sana, na hupumua zaidi kwa pua. Pua ikiziba, kunyonya na kupumua vinagombana, na mtoto anachagua kupumua. Tena mwili wake haujawahi kukutana na kirusi hiki. Wewe umeugua mafua miaka na miaka, mwili wako una kumbukumbu. Yeye hana ila ile aliyopewa na mama yake tumboni, na juu ya hilo nitarudi.

Usidharau neno "mafua". Mwishoni mwa 2024 wengi wetu tulisikia habari za ugonjwa usiojulikana huko Panzi, jimbo la Kwango, Kongo (si Panzi ya Bukavu, ile yenye hospitali). Walioumia zaidi walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Watu walisema mengi: sumu, laana, kirusi kipya. Vipimo vilipotoka, Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba ni malaria pamoja na virusi vya kawaida vya njia ya hewa, influenza ikiwamo, vikiwakuta watoto ambao tayari walikuwa na utapiamlo. Hakukuwa na ugonjwa mpya. Yalikuwa magonjwa tunayoyajua, yamewakuta watoto dhaifu, mbali na matibabu.

Kuhesabu pumzi

Hili ni jambo ambalo kila mzazi anaweza kulifanya bila kifaa. Subiri mtoto atulie, asiwe analia wala kunyonya. Mfunue kifua na tumbo. Washa saa ya simu na uhesabu kila tumbo linapopanda, kwa dakika moja nzima. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, maana pumzi za mtoto hazina mpangilio.

Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Ukipata 60, hesabu tena. Zikirudi zile zile, nenda. Kuanzia miezi miwili hadi mwaka mmoja, hatari inaanza kwenye 50. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, ni 40. Namba hizi ndizo wanazotumia manesi hapa, Kongo na Tanzania, kwa hiyo ukisema "nimehesabu 58" kwa mtoto wa miezi minane, watakuelewa mara moja.

Ukiwa umemfunua, tazama pia sehemu ya chini ya mbavu. Kama inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, huyo mtoto anafanya kazi kubwa mno kupata hewa. Sikiliza: kuguna kila anapotoa pumzi, au mlio mkali anapovuta akiwa ametulia. Tazama pua kama zinatanuka. Dalili hizi zinamaanisha nimonia au njia ya hewa iliyobana, na hazitibiwi nyumbani.

Dalili nyingine za kukimbia nazo ni hizi: hanywi wala hanyonyi kabisa, anatapika kila kitu, amelegea au ni vigumu kumwamsha, midomo au ulimi una rangi ya bluu, amekaa saa nane bila kukojoa, utosi umebonyea, au amepata degedege. Na moja ambayo wengi hawaijui: mtoto aliyeanza kupona, joto likaisha siku mbili, kisha likarudi kali na kikohozi kibaya zaidi. Hapo mara nyingi bakteria wamefuata nyuma ya kirusi.

Hapa mjini kuna kirusi kingine, kinachoitwa RSV kwa herufi zake, ambacho huanza kabla ya influenza, mara nyingi tangu Februari au Machi, nacho hubana vifua vya wachanga vilevile. Huwezi kuvitofautisha nyumbani, na huna haja. Dalili za hatari ni zile zile.

Degedege

Joto likipanda ghafla, watoto wengine kati ya miezi sita na miaka mitano hupata degedege. Macho yanageuka juu, mikono na miguu inatetemeka, povu linatoka. Kwetu liko mengi juu ya jambo hili: ndege wa usiku, pepo, moshi wa mavi ya tembo, kumkojolea mtoto. Najua mabibi waliofanya hivyo walifanya kwa upendo. Lakini moshi unamziba mtoto ambaye tayari anatafuta hewa, na muda unaopotea haurudi.

Mlaze ubavu, sakafuni au kitandani mbali na ukingo. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Usimmwagie maji. Tazama saa. Degedege la joto mara nyingi huisha kabla ya dakika tano, kisha mtoto husinzia. Likizidi dakika tano, piga 10177, au 112 ukitumia simu ya mkononi. Likiisha mapema pia mpeleke aonwe siku hiyo, hasa kama ni mara ya kwanza.

Malaria: hapa kosa linaweza kwenda pande mbili

Wengi wetu tumezoea kwamba mtoto akiwa na joto ni malaria mpaka kipimo kiseme vingine. Johannesburg iko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na malaria haisambai mjini humu. Mtoto ambaye hajatoka Gauteng, akipata joto mwezi wa Juni, yaelekea ni mafua. Usimpe dawa ya malaria iliyoletwa na basi kutoka nyumbani.

Sasa geuza upande wa pili. Nesi wa hapa anaweza kumwona mtoto mwenye joto na kutapika akasema "flu" bila kufikiria malaria kabisa. Kama mtoto ametoka Kongo, Burundi, Tanzania au Msumbiji katika wiki za karibuni, au mmekwenda Limpopo au upande wa chini wa Mpumalanga, sema hivyo kabla hujaulizwa, na omba kipimo cha malaria. Familia zinazopokea mtoto aliyefika juzi kwa barabara ndizo ninazozifikiria hapa.

Nyumbani

Mtoto mkubwa kidogo asiye na dalili za hatari unaweza kumtunza nyumbani. Kazi kubwa ni maji. Endelea kunyonyesha, mara nyingi zaidi na kidogo kidogo. Safisha pua kabla ya kumnyonyesha, kwa matone ya maji ya chumvi yanayouzwa duka la dawa. Akiharisha, chemsha lita moja ya maji, yapoe, weka vijiko vidogo 8 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazisha, si vya mlima. Mpe baada ya kila choo.

Kwa joto na maumivu, dawa ya maji ya paracetamol, ambayo hapa wengi huiita Panado, hutolewa kwa uzito wa mtoto. Mwambie mfamasia kilo zake, mpe kila baada ya saa sita, isizidi mara nne kwa siku. Usimpe aspirini. Hapa ndipo penye mtego, kwa sababu aspirini inauzwa kila kibanda cha mtaani kwa majina mengine: Disprin ni aspirini, na ile poda ya Grand-Pa ina aspirini ndani yake. Mtoto mwenye influenza akipewa aspirini anaweza kupata ugonjwa wa nadra lakini mbaya sana wa ini na ubongo. Asali isitolewe kabla ya mwaka mmoja. Antibiotiki zilizobaki kabatini haziui kirusi. Kukata kimio kwa sababu mtoto anakohoa ni kumwongezea kidonda na damu juu ya ugonjwa, na hapa kuna watu bado wanafanya kazi hiyo kwa siri. Wakatae.

Usimfunike blanketi tatu akiwa na joto. Najua nyumba ni baridi. Na kwa kuwa tumefika kwenye baridi, niseme juu ya jiko la mkaa, mbabula kama wasemavyo Kivu. Usiliingize chumbani kulala nalo, hata likiwa limebaki makaa mekundu tu bila moshi. Gesi yake haina harufu. Inaleta kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika na usingizi mzito, na watu hudhani wamepata mafua. Ukiona nyumba nzima imeumwa kichwa usiku mmoja na hakuna mwenye joto la mwili, toeni watoto nje kwanza, kisha piga simu.

Mlangoni mwa kliniki

Tumepokea familia zilizorudishwa mlangoni kwa sababu karatasi ya hifadhi imekwisha muda au haipo. Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Taifa ya Afya ya 2003 inatoa huduma bure katika vituo vya serikali kwa wajawazito, wanaonyonyesha, na watoto wa chini ya miaka sita wasio na bima. Gauteng ilikuwa imeweka utaratibu wa kuwatoza wageni, na Aprili 2023 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliufuta, ikaagiza tangazo libandikwe katika vituo vya afya kwamba huduma hiyo ni bure bila kujali uraia wala karatasi. Novemba 2025 mahakama hiyo ilikataza kundi la Operation Dudula kuzuia watu kuingia hospitali na kliniki au kuwadai vitambulisho. Na Katiba, kifungu cha 27, inasema hakuna mtu anayeweza kunyimwa matibabu ya dharura.

Lakini haki iliyo kwenye karatasi haimpi mtoto hewa. Kama ana dalili za hatari, usisimame kubishana na mlinzi. Nenda moja kwa moja idara ya dharura. Kutoka Braamfontein, hospitali ya Charlotte Maxeke iko juu ya kilima pale Parktown, na kituo cha afya cha Hillbrow hakiko mbali. Walio upande wa magharibi wana Rahima Moosa, Coronationville. Kama hakuna dharura na umekataliwa, omba kwa upole kuzungumza na sista mkuu, andika tarehe, saa na jina la aliyekukataa, kisha tuletee. Tutafuatilia.

Chukua kijitabu cha Road to Health cha mtoto. Na kama Kiingereza ni kizito, shika sentensi tatu tu: "My baby is not feeding" kwa asiyenyonya, "She is breathing fast" kwa anayepumua haraka, "He had a fit" kwa aliyepata degedege. Sentensi moja ya hizo, ikisemwa kwa sauti kwenye dawati, inakutoa kwenye foleni ya kawaida.

Chanjo

Mtoto wa chini ya miezi sita hachanjwi influenza. Anayechanjwa ni mama akiwa mjamzito, naye humpitishia mtoto kinga kabla hajazaliwa. Hili halikuja kutoka Ulaya. Lilipimwa hapa hapa, Soweto, katika majira ya baridi ya 2011 na 2012, na timu ya Profesa Shabir Madhi wa Chuo Kikuu cha Wits, ambacho wengi wenu mnapita mbele ya geti lake kila siku. Wanawake wajawazito zaidi ya 2,100 wasio na VVU walishiriki, nusu wakapewa chanjo. Visa vya influenza vilivyothibitishwa maabara vilipungua kwa karibu nusu, kwa mama na kwa watoto wao. Kinga ya mtoto ilikuwa na nguvu zaidi katika wiki 8 za kwanza, yaani wakati ule ule ambao ni mgumu kumtambua kuwa anaumwa.

Nusu si yote, na mama akiniuliza kama amehakikishiwa, namjibu hapana. Ila nusu ya hatari kuondoka kwa sindano moja ya bure mimi naona ni biashara nzuri. Kliniki za serikali huitoa bila malipo kwa wajawazito wa miezi yoyote, watu wanaoishi na VVU, wenye magonjwa ya moyo, mapafu au kisukari, na wazee wa miaka 65 na zaidi. Mtoto wa miezi sita na kuendelea mwenye ugonjwa wa kudumu naye anastahili. Wengine wanaweza kuinunua duka la dawa. Mtoto wa chini ya miaka tisa anayechanjwa kwa mara ya kwanza atapewa dozi mbili, wiki nne kati yake.

Chanjo huanza kutolewa Machi au Aprili, na huchukua kama wiki mbili kufanya kazi mwilini. Ya mwaka jana haitoshi, maana kirusi hubadilika na chanjo hubadilishwa nacho. Kwa hiyo mama mjamzito, iombe kwenye kliniki yako ya Aprili. Ukiwa umekwishachelewa mpaka Julai, iombe pia. Na baba anayekohoa asilale kitanda kimoja na mtoto wa wiki tatu. Kama chumba ni kimoja, wageuze vichwa pande mbili na fungua dirisha kidogo mchana, hata kama baridi inakera.